Wino wa Dobi

Watu wakisikia unapigwa mionzi huuliza jambo moja tu: inauma? Wanataka useme inaunguza kama moto wa jehanamu, wapate pa kuanzia kukuonea huruma. Mimi nilikuwa nawajibu ukweli, kwamba haiumi hata kidogo. Unapanda kitanda kigumu, unanyoosha mkono juu ya kichwa kama mtoto anayejua jibu darasani, wale wa mashine wanatoka na kufunga mlango mzito, kitu kinanguruma juu yako, kisha wanarudi na kusema, haya mama, shuka. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani nikamwambia wifi yangu kwamba kama huko ndiko kuunguzwa, basi pasi yetu imenitesa zaidi.

Nilicheka mapema. Mionzi ni mgeni anayeingia kwa adabu zake zote, anavua viatu mlangoni, anakataa hata chai. Ukishamzoea ndipo anapoanza kuvunja vyombo.

Sisi ni madobi. Mume wangu anafua uani, mimi napiga pasi chumba cha mbele, kitanda chetu kiko nyuma ya pazia, na kote kulikobaki ni nguo za watu. Mtaa mzima unamwita Mzee Madoa, kwa kuwa hakuna doa lililowahi kumshinda. Kutu, damu, chai, grisi, rangi ya mdomo kwenye kola ya mume wa mtu, vyote hutoka. Hiyo ya mwisho huitoa kimya kimya, na hata mimi hataki kuniambia ilikuwa ya nani. Mwenyewe hujiita fundi, na ukimwita mfua nguo anaweza kukununia mpaka Jumapili.

Kitu anachokionea fahari kuliko madoa yote ni wino wake. Dobi anayepokea nguo za watu wengi lazima aziwekee alama, la sivyo suruali ya mwalimu itaishia kiunoni kwa mchinjaji. Kila mteja wetu ana alama yake, nukta mbili au mkia wa samaki au herufi iliyolala, na Mzee Madoa huichora kwa kijiti ndani ya kola au kwenye pindo. Wino anauchanganya mwenyewe na hamwambii mtu anachotia. Nguo inachemshwa, inasuguliwa, inaanikwa juani mwaka hadi mwaka, inachakaa na kuchanika, na alama bado ipo. Shati moja liliwahi kuibwa kambani likaonekana sokoni miezi mingi baadaye, mwizi akiapa kwamba ni urithi wa marehemu babu yake. Mzee Madoa hakubishana naye. Aliigeuza kola tu.

“Kitu chenye alama yangu hakipotei,” husema, na husema mara nyingi mno.

Kansa ilinishika titi la kulia, upande wa mkono wa pasi. Walilikata, wakanitundikia madripu ya dawa mpaka nikabaki na kichwa kama yai, kisha wakasema sasa mionzi, ili kuua mizizi iliyobaki. Kabla ya kuanza walinilaza, wakanipima, wakanipiga picha, wakanichora kwa wino wa zambarau: mstari mmoja chini ya mfupa wa bega, mmoja katikati ya kifua, mmoja ubavuni chini ya kwapa. Aliyenichora alikuwa kijana mmoja mrefu sana, kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kulijua jina lake. Tulimwita Mrefu, naye aliitika.

“Mama, hii mistari ndiyo macho ya mashine,” aliniambia. “Usiisugue, usiipake sabuni. Ikifutika, mashine haijui ipige wapi.”

Hakusema tusiichore nyumbani. Nani angefikiria kusema hivyo? Hakuwa amewahi kutibu mke wa dobi.

Nilifuata masharti yote isipokuwa moja, lile la kukaa mbali na joto. Mpiga pasi akikaa mbali na joto anakula nini? Niliendelea kusimama mezani, nikitoka jasho, na jasho likafanya ambalo sabuni ilikatazwa kulifanya. Wiki ya pili Mrefu alinifunua kifua, akasonya.

“Mama, umeoga?”

“Nimetoka jasho tu, mwanangu.”

“Leo bado naiona kidogo. Kesho ikipotea tutakurudisha kwenye kupimwa upya, na foleni ya kupimwa umeiona mwenyewe.”

Nilikuwa nimeiona. Mwenzangu mmoja wa benchi la kusubiri mashine, mwanamke mcheshi aliyekuwa akituuzia vitambaa vya kichwa, mistari yake ilifutika akaambiwa akapange foleni upya. Ile nafasi yake pale benchini tuliiacha wazi siku kadhaa, tukitazamia atarudi, kisha mtu mwingine akaja akaikalia.

Nikamsimulia Mzee Madoa. Akaendelea kula. Kesho yake asubuhi, kabla hatujafungua mlango wa mbele, alikuja na kile kichupa na kijiti chake, na miwani aliyoifunga uzi sikio moja.

“Inua mkono.”

“Unataka nini asubuhi yote hii?”

“Nikuwekee alama. Wino wao ni wa watoto wa shule. Huu umechemshwa na mashuka ya nyumba za wageni, haukutikisika.”

“Mimi si shuka.”

“Najua. Shuka halina mdomo.”

Alinikalisha karibu na dirisha, akapitisha kijiti juu ya mistari ya zambarau, taratibu, ulimi ukiwa umemtoka pembeni kama anavyofanya akichora alama kwenye hariri. Mikono yake imeharibiwa na sabuni miaka yote hii, kucha zimelainika na ngozi ya vidole imekunjamana, lakini hakuna nesi aliyewahi kunigusa kwa upole ule. Tangu nilipokatwa titi sikuwa nimemruhusu aniangalie. Asubuhi ile aliniangalia, na akaniangalia kama kazi iliyo mbele yake, bila kunionea huruma. Nilimpenda sana. Sisi si watu wa kuambiana hivyo, kwa hiyo nilimwambia asinimwagie wino kwenye sketi.

Mrefu alipoiona mistari ile alifurahi. Alidhani mwenzake wa zamu nyingine ndiye aliyeirudia.

“Ingekuwa wote wanatunza hivi,” alisema, akailenga taa ya mashine juu ya wino wa mume wangu, akatoka akafunga mlango.

Ikawa desturi. Kila asubuhi chai, kisha mkono juu, kisha kijiti. Wakati huo ndipo mgeni alipoanza kuvunja vyombo. Ngozi ilianza kuwa nyekundu, ikawa nyeusi, ikawasha kama nimelalia upupu. Chakula kikanikwama kooni hata kikiwa uji, nikawa nameza kwa kufumba macho. Ukaja uchovu, na huo nashindwa kuueleza, kwa sababu uchovu ninaoujua ukilala unakwisha. Huu nilikuwa nalala nao na kuamka nao, na kuna siku nilikaa mbele ya kitasa cha mlango nikifikiria kazi itakayohitajika kukizungusha. Mkono wa kulia ukavimba mpaka pete ikabidi ikatwe kwa koleo. Pasi sikuiweza tena.

Wifi yangu, dada yake Mzee Madoa, ndiye aliyeshika meza. Ana moyo wa dhahabu na mkono wa kuunguza. Siku ya kwanza tu aliacha pasi juu ya kola ya karani mmoja, akachora ramani ya kahawia, kisha akaja kuniuliza kama karani huyo huwa anavaa tai.

“Anavaa,” nikamwambia.

“Basi Mungu mkubwa, tai itafunika.”

Mchana alinipepea kwa mfuniko wa sufuria, maana feni ilinikausha koo, na kila alipopumzisha mkono wa kulia aliuhamishia mfuniko mkono wa kushoto bila kusema kachoka. Nguo zote zilikuwa zikinikwaruza. Mzee Madoa alichukua shuka letu la zamani kuliko yote, akalifua bila wanga, akalisugua kwa mikono, akalifua tena, mpaka likawa laini kama utando wa maziwa. Wifi akalishona gauni lisilo na mikono. Nilivaa hilo tu.

Kisha ngozi ikafunguka. Ilianza chini ya kwapa, ikaja mbele, ikawa inatoa majimaji na kushikana na shuka. Mstari wa ubavuni ulikuwa umepita hapo hapo. Mzee Madoa aliinama na kijiti chake asubuhi, akagusa, mimi nikaruka. Wino haukushika. Pale palikuwa pabichi kama nyama buchani.

“Hapa pamechakaa,” alisema.

Akafikiri. Akasogeza kijiti pembeni, upana wa kidole, kwenye ngozi nzima, akachora hapo. Ndivyo madobi wote wanavyofanya. Kola ikichakaa pale penye alama, huchori juu ya uzi uliokufa, unasogea kidogo unachora kwenye kitambaa kizima, na alama inabaki ni ile ile na mwenye nguo ni yule yule. Mimi mwenyewe nilimwona anasogea, na nilishukuru, kwa sababu hapakuuma. Siku zilizofuata palipokuwa pazima napo pakababuka, akasogea tena. Mistari yake ilikuwa imenyooka kama ya rula.

Mrefu akaenda likizo. Mahali pake akaja binti mmoja mwembamba, mpya kazini, mwenye rula ya chuma mfukoni na tabia ya kupima kila kitu upya. Benchini walimlalamikia kwamba anachelewesha foleni. Mimi pia nilimlalamikia. Alinilaza, akanifunua, akaweka rula kutoka kwenye mfupa wa bega, akatazama karatasi za faili langu, akaweka rula tena. Akachovya pamba kwenye spiriti akafuta mstari. Haukufutika.

“Mama, huu wino si wetu.”

Nikaitazama mashine juu yangu.

“Nani amechora?”

Kuna maswali ambayo ukiulizwa unaona jibu lake lote kwa mara moja, mwanzo mpaka mwisho. Nilimwona mume wangu dirishani, ulimi pembeni.

“Mimi,” nikasema.

“Wewe mwenyewe? Mpaka chini ya kwapa?”

“Nina kioo.”

Alinitazama mkono wangu uliovimba, ambao nisingeweza hata kuinulia kijiko, achilia mbali kuchora mstari ulionyooka. Hakubisha. Alikwenda kumwita daktari.

Daktari alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya kuchoka. Alikasirika kidogo, na hasira yake ilinipa moyo, kwa sababu mtu hukasirikia kitu ambacho bado kinaweza kurekebishwa. Wakanipiga picha mpya. Aliponiita kuniambia majibu, hasira ilikuwa imeisha, akanivutia kiti mwenyewe. Hapo nikajua.

Alinieleza kwa lugha nyepesi. Wiki za mwisho mashine ilikuwa inapiga pembeni. Iliunguza mahali ambapo hapakuwa na haja ya kuunguzwa, na mahali palipohitaji palipata kidogo, na mwishoni hapakupata kitu. Katika kipande hicho hicho kilichorukwa kulikuwa na uvimbe mpya, na kwenye mapafu kulikuwa na madoa. Alitumia neno hilo, madoa.

“Tuanze upya basi,” nikasema. “Mnichore upya.”

“Ngozi yako haiwezi kupokea tena pale, mama. Ina kiwango chake. Na hata ingeweza, sasa ugonjwa hauko pale tu.”

“Kwa hiyo?”

“Tutakupa dawa za maumivu. Nzuri. Hatutakuacha uumie.”

Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya mistari. Akasema hawezi kujua. Huenda ingekuwa hivi hivi hata mistari ingekaa mahali pake, kwani ugonjwa wangu ulikuwa mkali tangu mwanzo. Huenda isingekuwa. Alikuwa mtu mkweli, na siku ile ningependa zaidi mwongo.

Nitasema kweli. Kutoka chumba cha daktari mpaka getini nilimchukia mume wangu. Nilimchukia yeye na wino wake na miwani yake ya uzi, na ule usemi wake anaourudia kila siku. Nilipofika barabarani nilikuwa nimechoka hata kwa chuki, nikakaa kwenye ukingo wa ukuta, na kilichobaki ndani yangu kilikuwa kitu kimoja: asijue. Mimi nilikuwa nimekwisha, hilo halikuwa na mjadala. Lakini yeye ana miaka mbele yake ya kuchora alama kwenye kola za watu. Nilitaka mkono ule usitetemeke.

Nyumbani nilimwambia wameipumzisha ngozi, nitarudi ikipona. Aliridhika. Kwa wifi sikuweza kudanganya, maana ndiye aliyenibadilishia vitambaa vya kidonda usiku ule na aliyaona machozi. Nilimwambia yote. Akaacha kazi yake, akakaa chini kabisa, sakafuni, kati ya marobota ya nguo.

“Mwambie,” akasema mwishoni.

“Simwambii.”

“Mficha maradhi kifo humuumbua, wifi.”

“Maradhi sijayaficha. Nimeficha mwenye kosa.”

“Na akija kujua wewe ukishaondoka? Atamuuliza nani kama umemsamehe? Atakuja kuniuliza mimi?”

“Hatajua,” nikasema. “Atajulia wapi?”

Akainuka, akaokota vitambaa vyangu vichafu. Lakini tangu siku hiyo kila Mzee Madoa alipokuja na kichupa asubuhi, wifi alitoka nje kwenda kuanika, hata kama hapakuwa na cha kuanika. Ndiyo, aliendelea kunichora. Alisema siku nitakayoitwa tena mistari lazima iwe pale pale. Nami niliinua mkono, kila asubuhi kwa kimo kifupi zaidi, nikatazama juu ya kichwa chake wakati anapuliza wino ukauke.

Kibaya zaidi alianza kujisifu. Alimsimulia karani, akamsimulia mwalimu, akawasimulia watu waliokuja kuuliza bei tu. Hospitali nzima, alisema, haina wino wa maana, na mke wake angekuwa amerudishwa nyuma ya foleni zamani kama si yeye. Watu walimpongeza. Mchinjaji alisema huyo ndiye mume. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimelala kwa ubavu wa kushoto, nikiyasikia yote.

Ikafika siku ya kwenda kuchukua dawa. Nilizoea kwenda na wifi, lakini asubuhi hiyo Mzee Madoa alitoka uani amevaa shati jeupe lililonyooshwa, akiwa na chupa mpya iliyojaa wino, imefungwa kwenye leso.

“Nakusindikiza.”

“Na hiyo chupa?”

“Zawadi yao. Wapo wagonjwa wangapi pale wanaofutikiwa na mistari? Yule mwenzako wa vitambaa, si alipotea hivi hivi?”

“Hospitali wana wino wao.”

“Nimeuona wino wao,” akasema, kwa dharau ya fundi.

Wifi alinitazama akiwa ameinua pasi hewani. Nilikuwa na neno moja tu la kumzuia mume wangu, na neno hilo ndilo nililokuwa nalificha. Tukaenda.

Nilijipa matumaini. Dirisha la dawa liko upande wa mbele na chumba cha mashine kiko mbali, mwisho wa ukumbi. Nilimwambia akae benchini anisubiri, leo ni dawa tu, wale wa mashine hawapo. Nikaingia kwa nesi. Alinipima, akanieleza matone mangapi asubuhi na mangapi jioni, na kwamba nisiogope kuongeza. Nilipotoka, benchi lilikuwa tupu.

Nilitembea ukumbi ule nikishika ukuta. Nilimkuta amesimama mbele ya mlango mzito, ameshika leso mkononi, na yule binti wa rula yuko mbele yake na chupa. Mzee Madoa alikuwa anamweleza jinsi ya kuchovya kijiti, usichovye sana. Binti aliinua macho akaniona nyuma ya bega lake. Nikatikisa kichwa. Alielewa, alikuwa ameelewa tangu siku ile ya kioo. Akaishika chupa kwa mikono miwili.

“Asante, baba,” akasema. “Tutauweka vizuri.”

Nikashusha pumzi. Nilifika, nikamshika mume wangu kiwiko, nikamwambia twende, nimechoka. Naye akageuka tuondoke. Mlango ukafunguliwa, akatoka Mrefu, amerudi likizo, anasoma faili la mtu.

“Nini hicho?” akamuuliza binti.

“Zawadi tu.”

Mzee Madoa hajawahi kumwacha mtu mwingine aueleze wino wake. “Ni wino wa alama, mwanangu,” akasema. “Hautoki hata ukichemshwa. Mke wangu nimemchora nao mwenyewe kila asubuhi, na hata ngozi ilipobabuka sikuacha upotee, nilikuwa nausogeza pembeni.”

Mrefu aliichukua chupa kwa binti, akaitazama kwenye mwanga wa taa.

“Kumbe ni wewe,” akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyetafuta ufunguo wiki nzima akaupata mfukoni. “Mzee, ndiyo maana tulipiga pembeni muda wote ule. Yule mama alituambia kajichora mwenyewe, na sasa matibabu yenyewe ndiyo...”

Hapo ndipo aliponiona. Binti alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

Mume wangu hakunitazama. Alimtazama Mrefu, na akauliza swali ambalo fundi ndiye angeliuliza.

“Pembeni kiasi gani?”

Mzee Madoa akasubiri. Mwishowe kijana akainua vidole viwili, akavibana pamoja.

“Vidole viwili,” akasema mume wangu. Akavitazama vya kwake.

Tukarudi nyumbani. Alinishika mkono tulipovuka barabara, akanishika tulipopanda ngazi ya mlangoni, na wifi alipotuona nyuso zetu aligeuka akawaambia wateja wawili waliokuwa wakisubiri kwamba leo hatupokei nguo. Akavuta mlango.

Mzee Madoa hakubadilisha shati. Alikwenda uani, akarudi na beseni la maji ya uvuguvugu na kitambaa, kipande kilichobaki cha lile shuka letu. Akaleta pia kisanduku chake cha dawa za madoa, vichupa vyote vile vya miaka yote, akakifungua juu ya kitanda.

“Inua mkono.”

Niliinua mpaka pale ulipokubali. Alichovya kitambaa, akaanza kusugua kwenye ngozi nzima, pembeni ya kidonda, pale mstari wake wa mwisho ulipopita. Alisugua kidogo, akapuliza, akatazama. Mstari ulikuwa mweusi vile vile. Akashika kichupa kimoja, akakinusa, akakirudisha. Akashika kingine.

“Hii itakuunguza,” akasema. “Na hii itakuunguza. Hii inatoa kutu, lakini inakula mpaka nyuzi.”

“Mume wangu.”

“Ndimu nayo itakuwasha.”

“Ulisema mwenyewe hautoki.”

“Hakuna doa lisilotoka.” Akakiweka kichupa chini. “Ulisema uongo kwa ajili yangu. Ukawa unaniinulia mkono kila siku, unaniacha nachora.”

“Daktari amesema huenda ingekuwa hivi hivi.”

“Amesema huenda?”

“Ndiyo.”

Akachovya kitambaa tena. Nilitaka kumwambia kwamba sikumkasirikia, lakini isingekuwa kweli yote, na sikuwa na muda wa kungoja iwe kweli yote. Nikamwambia nimemsamehe. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia bei asiyoiweza. Nje ya pazia wifi alikuwa anapiga pasi, na niliisikia imesimama mahali pamoja kwa muda mrefu mno, nikajua kola nyingine ya mtu imekwenda.

“Acha sasa,” nikamwambia. “Mkono umechoka, siwezi kuuinua tena.”

Akaniambia nisiuinue. Akaupokea mkono wangu kwa mkono wake wa kushoto, akaubeba juu, na kwa mkono wa kulia akaendelea kusugua.